Wale madaktari wa mifugo wa pikipiki nyekundu huku Chanika, haya ndo maoni yangu baada ya kuwaita mara nne

Wadau habari zenu. Nimeona watu wanaulizia hawa madaktari wa mifugo wanaozunguka na pikipiki mbili nyekundu kuanzia Chanika, Msongola mpaka Pugu huko. Jina sitaji ila ukiwa mkazi wa huku ukimwambia bodaboda "nipeleke kwa wale wa pikipiki nyekundu" anakufikisha. Mi nimewaita mara nne kati ya mwezi wa tatu na Idd ya kuchinja kwa hiyo nnachoandika nakijua, na naandika kirefu kwa sababu nilichojifunza kwao kuhusu kikohozi cha ng'ombe kilinigharimu dume wa laki saba na nusu, bora nyie mkipate bure.

Nyota nne. Ya tano ilikoenda nitasema mbele.

Mi si mfugaji wa kuzaliwa. Ni fundi aluminiamu, madirisha na milango, ila nyuma ya nyumba nina banda la kuingiza ng'ombe kumi, na kwa miaka minne sasa kila ikibaki miezi mitatu Idd ifike nashuka mnada wa Pugu nachukua madume wembamba, nawapa pumba, mashudu ya pamba, majani na molasi kidogo, wakijaa nawatoa. Hela yake si mbaya. Mwaka huu nilichukua tisa. Dalali akaniapia wametoka Shinyanga na kweli walikuwa na sura ya safari, yaani mnyama kasimama kwenye lori karibu kilomita elfu moja, kashuka Pugu mvua ya masika inampiga, kasukumana mnadani na ng'ombe wa Dodoma na Singida ambao hajawahi kuwaona maishani, halafu mi nikaja nikampakia tena kwenye Fuso nikamleta Chanika kwenye banda geni na chakula kigeni. Zamani hayo yote nilikuwa naona ni usafiri tu.

Siku ya nane mmoja mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, na pumba za asubuhi hakumaliza. Siku ya kumi wakawa watatu, pua zinachuruzika, wanapumua harakaharaka shingo wameinyoosha mbele kama abiria anayetafuta dirisha kwenye daladala la Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni. Nikafanya wanachofanya wafugaji wengi wa Dar, nikapanda boda mpaka duka la dawa za mifugo, lipi naliacha, kijana wa kaunta hata hakuuliza ng'ombe ana kilo ngapi akanipa oksi (oksitetrasaiklini, antibayotiki) ya asilimia 20 na sindano. "Mzee wangu we choma mililita kumi kumi, kesho unakuta wanacheza."

Na kweli kesho yake walicheza! Hapo ndo niliponaswa. Wakala, masikio yakapoa (homa nilikuwa napima kwa kushika sikio, msinicheke), nikampigia yule kijana kumshukuru. Siku ya tano kikohozi hicho kimerudi na sasa wako watano. Nikarudi dukani nikapewa antibayotiki nyingine, penstrepu, nafuu ya siku tatu, wakarudi walikokuwa. Nikapewa ya tatu, tailosini, hivyo hivyo. Hapo nimeshamwaga kama laki na themanini kwenye dawa na yule mweusi mbavu zinahesabika ukiwa umesimama barabarani. Jumatano moja niko saiti Kinyerezi napima fremu kijana wangu wa zizi akapiga simu, "Bosi, Baka amelala, haamki." Yule mweusi ndo ameshakufa, na kijana alikuwa ameshampa jina kabisa.

Ndo nikawatafuta wa pikipiki nyekundu. Nilipiga saa mbili asubuhi wakasema saa nne wako kwangu, wakafika saa saba kasoro. Robo ya nyota imeondokea hapo, maana hawakupiga hata simu kusema tumekwama.

Ila walipofika nilisahau hasira. Walikuja wawili, Dokta mwenyewe ni dada wa makamo hivi mpole lakini hana mchezo, na kijana wa kumbebea sanduku. Kabla hajamgusa Baka akavaa glavu na buti za mpira, akaanza kuniuliza kama trafiki barabarani: wametoka wapi, wamefika lini, umewachanganya na wa zamani, umechoma nini, kiasi gani, siku gani, sindano ni hiyohiyo kwa wote? Sindano ilikuwa hiyohiyo kwa wote. Akaandika, hakusema kitu, na ule ukimya wake uliniuma kuliko kama angenisema.

Halafu akampasua Baka palepale. Akanieleza kwamba cha kwanza anachotaka kukiondoa ni homa ya mapafu ya ng'ombe, ile yenyewe ya kuripoti serikalini, kwa sababu ikiwa ndo hiyo basi banda zima limefungwa hakuna anayeingia wala kutoka. Kwenye ile, anasema, mara nyingi unakuta upande mmoja ndo umeharibika, kifua kimejaa maji ya manjano, na pafu ukilikata lina michoro kama marumaru. La Baka halikuwa hivyo. Lilikuwa limeharibika kushoto na kulia, sehemu za mbele na za chini tu, jekundu la giza, gumu kama ini, ila nyuma huku bado laini na la pinki. Akasema hiki ni kichomi cha safari, mnyama aliyechoka. Akaongeza kitu sikukijua, kwamba ile mbegu ya chanjo ya homa ya mapafu inayotumika sehemu kubwa ya Afrika, inaitwa T1/44, ilipatikana kwa ng'ombe wa hapahapa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mi nilidhani kila chanjo inashuka na ndege.

Akahamia kwa walio hai, akawakamua tezi za chini ya masikio na mbele ya bega mmoja mmoja, akatoboa sikio akapaka damu kwenye kioo. Hiyo ni kwa ajili ya ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, maana nayo mwishoni inajaza mapafu maji, ng'ombe anahema povu linatoka puani, mtu anaona kikohozi anakimbilia antibayotiki wakati dawa ya ndigana ni nyingine kabisa. Akapima joto kwa thamometa ya nyuma. Ng'ombe mzima yuko kwenye 38 na nusu hivi, wangu watano walikuwa juu ya 40, mmoja 41.2. Na wawili kati ya hao watano mi nilikuwa nawaona wamepona!

Sasa nikamuuliza swali lililokuwa linanikereketa. Dokta, nimechoma dawa tatu, kila moja wamepata nafuu, kila moja wamerudi. Dawa feki au?

Hakunijibu. Akanipeleka kwenye maji ya ng'ombe, pipa nililolipasua nusu. "Kaka, ingiza mkono papasa ukutani." Utelezi. "Mwagia maji, unatoka?" Hautoki. "Kwaruza kwa kucha." Ukatoka kama kamasi. Akaniambia huo si uchafu, huo ni mji. Ni bakteria wamejishikiza ukutani, wameshikamana, wakajitengenezea ute wakaufunika juu yao kama paa. Ule ukoga unaouhisi kwenye meno asubuhi kabla hujapiga mswaki ni hivyohivyo. Wataalamu wanauita bayofilimu, yeye anasema utando na mi nitasema utando. Na bakteria wanaoleta kichomi cha ng'ombe wanaujua huo ujenzi vizuri tu.

Nitaeleza nilivyoelewa, daktari wa kweli akipita hapa anirekebishe.

Kwanza hao wadudu ng'ombe hawakuwaokota kwenye lori. Walikuwa puani mwa ng'ombe siku zote, puani na kooni, wanakaa kwa amani. Safari, njaa, vumbi, mvua, mafua ya virusi, kinga inashuka, basi wanazaana wanateremka mapafuni. Kuna mmoja anaitwa Mannheimia, zamani walimhesabu kwenye ukoo wa Pasteurella mpaka 1999 wakampa jina lake, huyu ana sumu inayolenga seli nyeupe za wanyama wanaocheua, yaani wale askari wenyewe wa mwili. Askari wakipasuka, vile vitu vikali vilivyomo ndani yao vinamwagika vinaunguza pafu, na nyuzi za DNA za askari waliokufa zinaweza kuingia kwenye ule utando zikawa kama nondo. Ni sawa na mwizi anabomoa kituo cha polisi halafu anajengea kwake kwa matofali yaleyale.

Pili, oksi. Nilidhani dawa inaua. Kumbe oksi kazi yake hasa ni kuwazuia bakteria wasizaane, inawasimamisha, kuua wanaachiwa askari wa mwili waje kuwameza. Sasa aliye nje ya utando anasimamishwa, anamezwa, ng'ombe anapata nafuu, anakula, we unampigia kijana wa duka kumshukuru. Aliye ndani askari hawezi kummeza, huwezi kumeza mtu aliye ndani ya nyumba. Na wale wa chini kabisa chakula na hewa haviwafikii vizuri kwa hiyo wamepoa tu, hawazaani, wako kama wamelala, na dawa nyingi zinamkamata bakteria anapokuwa kazini. Aliyelala inampita. Dawa ikishaisha mwilini wanaamka, wengine wanabanduka wanaenda kujenga upande mwingine wa pafu. Ndo hiyo siku ya tano yangu. Bakteria ndani ya utando anaweza kuvumilia dawa mara nyingi zaidi ya akiwa anaelea peke yake, inafika hata mara elfu kwa baadhi ya dawa, na mara elfu hiyo huwezi kumchoma ng'ombe, utamuua wewe kabla ya kichomi.

Usiku ule sikulala nikaingia kwenye simu kusoma. Nikakuta jambo hili lina miaka mia tatu na zaidi. Yule Mholanzi wa hadubini, Leeuwenhoek, miaka ya 1680 alikwaruza ukoga wa meno akaona vidudu vinatembea, na alishajaribu kusukutua kwa siki, akaandika kwamba siki iliua wale wa nje tu haikupenya ndani ya ukoga. Mtu alikuwa muuza vitambaa! Mi na laki na themanini yangu nimerudia jaribio la siki kwenye mapafu ya ng'ombe.

Turudi kwenye huduma. Dokta alikata vipande vya pafu la Baka, akachukua na pamba ndefu za ndani ya pua kwa wawili waliokuwa na homa kali, vikaenda maabara ya mifugo ya serikali pale Temeke. Gharama ya maabara unalipa mwenyewe, hawakuongeza kitu juu, nilionyeshwa. Baada ya siku kadhaa majibu yakaja kwenye WhatsApp, Mannheimia haemolytica na Pasteurella multocida. Na hapa ndo nilipompenda. Ile karatasi inaonyesha dawa gani inamuweza huyo bakteria, na oksi ilikuwa imeandikwa inafanya kazi. Nikampigia kwa ukali kidogo, Dokta mbona karatasi inasema oksi inaua na mi nimechoma haikuua? Akacheka. Akasema kipimo kile wanamwagia bakteria kwenye sahani wanaweka vidonge vya karatasi vyenye dawa, bakteria pale ni fresh, anakua kwa kasi, hajajenga utando wowote wa maana. Karatasi inakwambia bakteria huyu hana usugu wa kurithi, haikwambii habari za yule aliyejifungia pafuni wiki tatu. Ni vitu viwili tofauti, usugu wa kurithi bakteria anawaachia na watoto wake, wa utando ni wa nyumba, ukimtoa nje anakufa kama wenzake.

Nikaona nimepata pa kulaumu. Kumbe bado. Akaniambia, nanukuu kadiri ninavyokumbuka, "Lakini kaka usiusingizie utando makosa ya sindano yako." Akaja na ile tepu ya kupima uzito kifuani, dume wangu wa kati akasoma kilo 190. Oksi ile ya asilimia 20 ni mil moja kwa kila kilo kumi. Hesabu mwenyewe, alitakiwa mil 19 mi nimempa kumi. Nusu dozi, tena siku ya kumi wakati homa ilishaanza labda siku ya saba. Siku za mwanzo bakteria wengi bado wanaelea, ukichoma dozi kamili siku ileile homa inapopanda unawakuta barabarani, ukisubiri kikohozi umewakuta wameshaezeka. Na kubadilisha dawa kila baada ya siku tatu nne bila mpango ni kuwafundisha tu.

Jambo lingine nililolipenda hatii chumvi. Nilimuuliza hivi huu utando mmeuona kabisa ndani ya ng'ombe au ni nadharia? Akasema kuna bakteria wa tatu kwenye kundi hili, Histophilus somni, huyo wameshamkuta amejenga ndani ya mwili wa ng'ombe mwenyewe, mapafuni na kwenye moyo. Hao wengine wawili ushahidi mwingi ni wa maabara, kwenye plastiki na kwenye seli za njia ya hewa walizootesha, kwa hiyo yeye anausema kama sababu mojawapo hasemi ndo yote. Na Pasteurella, anasema, ana tabia ya ajabu, wale wenye koti nene mwilini ni wavivu wa kujenga utando, wenye koti jepesi ndo mafundi. Ni kama anachagua, avae koti askari wasimtambue au ajenge nyumba wasimfikie. Mi nikafikiria wateja wangu, kuna anayeweka geti na kuna anayeweka mbwa.

Matibabu sasa. Aliwachagua wale watano wenye homa tu, akawapa sindano ya kundi jingine inayokaa mwilini muda mrefu, jina silitaji kwa makusudi maana najua mtu ataenda kuinunua leo ajipigie, bei yake imesimama, na nyingine ya kushusha homa na uvimbe. Kila ng'ombe na sindano yake. Wale watatu wasio na homa hakuwagusa japo mi nilitaka awachome wote "kwa usalama", akakataa, akaniachia thamometa ya elfu nane na daftari, kijana apime kila asubuhi kabla ya jua kuwa kali, akifika 40 nipige simu siku hiyohiyo. Kijana wangu darasa la saba, daftari alilijaza vizuri kuliko mimi ninavyojaza oda za wateja. Mmoja akagonga 40.3 siku ya sita, wakaja, dozi moja kamili, mpaka leo hajawahi kukohoa. Hapo ndo nilipoamini, maana ni ugonjwa uleule, banda lilelile, tofauti ni siku.

Banda nalo alilikagua. Nilikuwa nimeziba kwa mabati na turubai pande zote nikidhani nawakinga na mvua, akasema mkojo ukikaa hewa inakuwa kali, we mwenyewe macho yanakuwasha ukiinama, sasa fikiria mapafu. Tukafungua juu pande mbili. Na lile pipa, nilikuwa naliosha kwa kumwaga jiki tu nasuuza. Akasema sugua kwanza kwa brashi ngumu na sabuni mpaka utelezi wote uishe, suuza, ndo jiki ifuate, vinginevyo jiki inaua wa juu wa chini wanakungoja, ni habari ileile ya pafuni. Tofauti ni kwamba pipa unaweza kulisugua. Wageni wakija sasa nawaweka pembeni wiki tatu, nimeongeza kajibanda upande wa choo cha nje, na siwanunui tena siku wanayoshuka kwenye lori wakiwa hoi hata dalali apunguze elfu hamsini.

Kati ya watano wanne walipona wakajaa vizuri. Wa tano, yule mwekundu, ndo stori. Homa ilishuka lakini kikohozi hakikuisha, ananenepa kwa kusitasita, halafu akavimba goti la mbele akawa anachechemea. Dokta akashuku kuna maikoplazima, bakteria wa aina nyingine, na akasema kabisa ni shaka tu, hakikuonekana kwenye majibu kwa sababu huyo haoti kwenye sahani za kawaida anahitaji chakula chake maalumu. Huyu hana ukuta wa seli kabisa kwa hiyo penisilini, ambayo inashambulia ukuta, kwake ni maji. Na anajenga utando vilevile, akiwa humo anavumilia joto na ukavu ambavyo akiwa peke yake vingemmaliza. Dokta akaniambia wazi, "Huyu kaka uza akishatoka kwenye siku za dawa, yaani dawa ikishaisha kwenye nyama, usimwekee matumaini, nyama ya pafu iliyokufa hairudi." Daktari wa kukwambia acha kutumia hela, mi nilikuwa sijawahi kumuona, hata wa binadamu.

Sasa lawama, maana nisije nikaonekana nimelipwa.

Kuchelewa nimeshasema, na si mara moja, mara tatu kati ya nne. Risiti ya EFD hadi uiombe, na mara ya kwanza niliambiwa mashine ina shida, nikaandikiwa kwenye karatasi ya daftari. WhatsApp yake Dokta ni sauti tupu, dakika nne dakika tano, unauliza mil ngapi unapewa mhadhara, mi niko juu ya ngazi nashikilia kioo siwezi kusikiliza mhadhara, angeandika tu namba. Bei si ya kila mtu, kufika tu elfu sitini, kumpasua Baka elfu arobaini, jumla na maabara na dawa nilifika kama laki nne na nusu kwa mara zote. Nikigawa kwa wanane waliobaki naona sawa, ila mwenye ng'ombe wawili wa maziwa itamuuma, wangefikiria kuwa na siku ya kupita mtaa mzima watu wachangie nauli.

Na kuna moja sijui ni lawama au ni sifa mtaamua wenyewe. Wiki mbili kabla ya Idd yule mwekundu akarudiwa na homa. Tayari nilikuwa na mteja wake, mzee mmoja wa Buguruni, kashatanguliza laki mbili. Dokta akaja akamchoma, akaandika ukutani kwa chaki tarehe ya kuchinjwa, siku 28 mbele, dawa iwe imeisha kwenye nyama. Nikamwambia Dokta Idd ni wiki mbili, hiyo 28 inanitupa nje. Akasema anajua. Nikamwambia basi tusingemchoma. Akasema basi ungechinja mgonjwa wa homa umlishe mzee wa watu, na hata kwa kuchinja Idd mnyama mgonjwa hafai, si ndo hivyo? Sikuwa na jibu. Nikarudisha laki mbili ya watu, mwekundu nikaja kumuuza baadaye kwa bei ya kutupa, mpaka leo nikipita pale banda ile chaki naiona kijana hajaifuta.

Kwa hiyo robo ya kuchelewa, robo ya risiti, robo ya sauti za WhatsApp, robo ya bei. Ya mwekundu sijakata.

Namba yao mtaulizia kwa boda wa stendi ya Chanika. Jumapili wanasema hawafanyi kazi labda ng'ombe awe amelala chini. Homa ya mwekundu ilipanda Jumapili saa mbili usiku, mvua inanyesha, hajalala chini bado, nikawadanganya amelala, wakaja. Dokta akamkuta amesimama anatafuna majani akaniangalia weee, akafungua sanduku, akaongeza elfu ishirini.